Nyongeza ya mshahara: Haki hudaiwa kwa jalada, si kwa manung'uniko

Ndugu msomaji, kila inapokaribia Mei Mosi, mazungumzo ya wafanyakazi huwa ni yale yale: mwaka huu tutaongezewa ngapi? Maofisini, ndani ya daladala, hata barazani baada ya swala ya Isha, watu wanasubiri tangazo. Likitoka hushangilia au hunung'unika, kisha hurudi kungoja Mei nyingine.

Lakini la kujiuliza ni hili: je, mshahara hupanda kwa tangazo peke yake? La hasha. Yapo mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kupanda kwa kima cha chini. Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitatoka sh. 370,000 hadi sh. 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. La pili ni nyongeza ya mwaka, yaani hatua moja ndani ya daraja lile lile. La tatu ni kupandishwa daraja au cheo. Hili la tatu hutegemea bajeti, ni kweli, lakini hutegemea pia sifa na kumbukumbu za mtumishi mwenyewe. Na hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Nina mdogo wangu anayefundisha shule ya msingi katika kata ya Ringwani, wilayani Serengeti. Ni mwalimu hodari, na wazazi wa kule wanamjua. Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha upandishaji wa vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, alikwama kama walivyokwama wenzake nchi nzima. Siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, ilipotolewa ahadi ya kuwapandisha watumishi, alifurahi sana. Wenzake aliosoma nao chuo wakapanda. Yeye akabaki.

Kwa nini? Jalada lake lilikuwa na mapengo. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuonekana, wala hakuwa na nakala. Fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji, alizijaza miaka miwili, mingine akaona ni karatasi tu. Ikabidi afunge safari za Mugumu, makao makuu ya wilaya, nauli juu ya nauli, kuthibitisha jambo ambalo kila mtu shuleni kwake analijua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na hasara haiishii kwenye mshahara wa mwezi, kwani pensheni nayo hukokotolewa kwa kutazama mshahara.

Wapo watakaosema kwamba cheo hupatikana kwa kujuana au kwa bahasha. Sikatai kwamba maovu hayo yapo. Lakini rushwa ni haramu na ni jinai, na anayenunua cheo leo kesho atauziwa uhamisho. Asiye na mjomba ofisini silaha yake ni ushahidi.

Tuitazame Sura ya 12 ya Qur'an. Nabii Yusuf (a.s.) alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri hakulia shida, wala hakutaja miaka aliyokaa gerezani. Aliomba asimamie hazina za nchi, akataja sababu mbili: kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Uaminifu na ujuzi. Na vyote viwili vilikwishaonekana katika kazi yake kabla hajaomba.

Basi, ewe mtumishi wa umma, weka nakala ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kila daraja na ya ruhusa ya masomo. OPRAS sasa imepisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Weka malengo yako na ujaze utekelezaji kwa wakati, usingoje mwisho wa mwaka. Ukihitimu masomo, peleka cheti kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nawe wa kiwandani au dukani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Yadai. Andika unachofanya: mauzo uliyoongeza, hasara uliyozuia, vijana uliowafundisha kazi. Unapoomba nyongeza usiseme kodi ya nyumba imepanda, maana imepanda kwa wote. Sema kazi yako imekua kiasi gani. Na pale ambapo mmoja mmoja hamsikilizwi, chama cha wafanyakazi chenye wanachama wengi kina haki ya kukaa mezani na mwajiri.

Mwajiri anaweza bado kukataa. Lakini mwenye jalada kamili hukata rufaa, na asiye nalo hubaki kusimulia barazani.

Wabillahi tawfiq.