Zaka ya Mali Iliyoko Bara: Haki ya Masikini wa Msalato

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Waama baada ya hayo, masala isomwayo hapa ni ya mfanya biashara ambaye nafsi yake iko pwani na mali yake iko bara. Ni masala ndogo kwa maneno, walakini haki zinazowapotea wenyewe kwa sababu ya kutojulikana kwake si ndogo.

Sura yake ni hii. Zaid ni mkaazi wa Tanga, naye anayo ghala ya biashara Msalato, kata iliyo kaskazini ya mji wa Dodoma. Ndani yake mna sukari, mchele, nguo, na magunia ya alizeti yangojayo bei. Mwaka wake hutimia Ramadhani. Hapo huletewa hesabu na mshika ghala wake, akatoa robo ya ushuri, yaani 2.5 katika kulla 100, na fedha zote akazigawa Tanga, mlangoni pake, kwa watu waliojipanga tangu alfajiri, kulla mmoja akashika noti moja akenda zake. Roho ya Zaid ikatulia. Je, dhima yake imetoka?

Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii, nayo ndiyo aliyoishika Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kuwa haijuzu kuihamisha zaka kutoka mji ilipowajibika hali ya kuwa wastahiki wamo katika mji huo, wala haimtoshelezi mwenye kuihamisha. Na mji utazamwao katika zaka ya mali ni mji ilipo mali siku ya kutimia mwaka, si mji akaapo mwenyewe. Zaka ya fitri ndiyo ifuatayo mwili wa mtu. Zaka ya mali hufuata mali. Hatta mali iliyo safarini, mwaka ukiikuta jangwani, zaka yake ni ya masikini wa mji ulio karibu na hapo. Basi bidhaa ya Zaid iliyoko Msalato, zaka yake ni ya watu wa Msalato. Noti za Tanga ni sadaka njema, na ujira wake uko kwa Mola wake, lakini deni la Msalato, kwa kauli hii, liko pale pale.

Na hikima yake haikufichika. Wanachuoni wamesema kuwa nyoyo za masikini wa kulla mji zimetungikwa na mali iliyomo mjini mwao. Mjane wa Msalato huipita ghala ile asubuhi na jioni. Ameyaona magari yakishusha, ameyaona yakipakia. Faida ya ghala imetoka katika mifuko ya majirani zake. Itakuwaje mali ikue mbele ya macho yake, na haki yake ipakiwe kwenda mahali asipopajua?

Ni kweli kuwa Ibn Ujayl wa Yaman, naye ni katika wanachuoni wa Kishafii, alitoa fatwa katika mambo matatu kinyume cha kauli iliyotegemewa: kuihamisha zaka, kumpa mtu mmoja, na kuipa sanfu moja tu. Mwenye haja ya kweli, kama aliye na ndugu fakiri katika mji mwingine, akimfuata katika hilo hatukanwi. Lakini Zaid hakumfuata Ibn Ujayl. Zaid alifuata ada, na ada si dalili.

Zaid aweza kuleta nyudhuru. Wa kwanza ni kusema, “Msalato ni nchi ya Wagogo, huko nitampa nani?” Udhuru huu hauna miguu. Misafara ya pwani ilikata Ugogo miaka mingi kabla ya reli, na reli yenyewe ilifika Dodoma mwaka 1910, nayo ikafuatwa na watu wa dini zote. Waislamu wako, na mafakiri wao wako. Amma jirani asiyekuwa Mwislamu hapewi katika zaka, bali sadaka ya hiari kwake ni halali na ina thawabu. Na afungaye mkono wake wote mbele ya jirani wa namna hiyo kwa kisingizio cha fiqhi hakuifahamu fiqhi.

Na ufakiri wa nchi ile una asili yake. Ugogo hupata mvua ya msimu mmoja, tangu Desemba hatta Aprili, na ikikatika kati hapana msimu wa pili wa kuifidia. Ndiyo maana chakula chao cha asili ni uwele na mtama, nafaka zistahimilizo ukame. Wazee wao waliipokea khabari ya njaa iliyoitwa Mtunya, katika miaka ya mwisho ya Vita Vikuu vya kwanza na baada yake, walipotwaliwa nafaka, ng'ombe na wapagazi na majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza, halafu mvua ikakosa. Watu wengi mno walikufa. Leo Dodoma ni makao makuu ya serikali. Ilipewa daraja ya jiji mwaka 2018, na mwezi wa Oktoba 2022 liliwekwa Msalato jiwe la msingi la uwanja mkubwa wa ndege. Mwenye ghala hufurahi, kwani wanunuzi huzidi. Mpangaji wa chumba kimoja hafurahi, kwani jiji likikua kodi ya chumba hukua pamoja nalo.

Udhuru wa pili ndio mzito, nao husemwa na watu wenye akili: “Serikali inao mfuko wa masikini, na mfuko huo huingia kodi yangu. Basi nimekwisha kutoa.” Udhuru huu wastahili kupimwa kwa utuvu.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Katika siku zake za kwanza ulijenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 yalianza majaribio ya kuwapa masikini fedha mikononi, katika wilaya za Bagamoyo na Kibaha zilizo pwani, na Chamwino iliyo jirani ya Dodoma. Vijiji 80 vilichaguliwa, 40 vikapewa mwanzo na 40 vikaachwa ili vilinganishwe. Waliopewa wakaonekana wanunua mbuzi na kuku, wawavisha watoto wao viatu, na wajiandikisha katika bima ya matibabu. Wale wasemao kuwa masikini akipewa fedha huila siku ile ile na watazame hapo. Mwaka 2012 ukaja mpango wa nchi nzima wa kunusuru kaya masikini, hatta Unguja na Pemba, na sehemu yake ya pili ikazinduliwa mwaka 2020. Kaya zilizoandikwa zilipita milioni 1. Ruzuku ilifungwa kwa masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, na wa skuli asipungue mahudhurio ya asilimia 80. Na wenye kazi ya kuwataja masikini walikuwa ni watu wa mtaa au kijiji wenyewe katika mkutano wao, kisha ikafuata hesabu ya wenye ofisi. Katika hili pana jambo la kuzingatia: jirani ndiye ajuaye ni nani aliyelala bila kula. Zaid aliyeko Tanga hamjui.

Hapana shaka kuwa hayo ni mema, na asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Lakini kodi si zaka. Zaka ni ibada, nayo yataka nia. Kodi hutozwa kwa jina la kodi, na hutumika katika barabara, mishahara na madeni, wala haigawiwi kwa sanfu nane zilizotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Wanachuoni wamejadili mali atwaayo mtawala kwa jina la zaka, mwenyewe naye akainuia hivyo. Sura hiyo si hii. Alipaye kodi ametimiza sheria ya nchi, na zaka yake bado imo ghalani.

Je, mtu aliyepata ruzuku ya mfuko ule astahiki zaka? Astahiki maadamu hajafikia kifaya. Fakiri, katika madhehebu ya Shafii, ni asiye na kitu, au ana kidogo kisichofika nusu ya haja yake. Miskini ni apataye nusu au zaidi, wala hakimtoshi. Mwenye kuhitaji 10 akawa na 3 ni fakiri, na akawa na 7 ni miskini. Basi ruzuku huhesabiwa katika alicho nacho, na kilichopungua hutimizwa na zaka. Kuwako jina la mjane katika daftari ya serikali si hoja ya kumnyima. Bali ni ushahidi wa majirani zake kuwa ni mhitaji.

Na hapa ndipo noti moja moja za mlangoni zinapoonyesha udhaifu wake. Nawawi amesahihisha kuwa fakiri na miskini hupewa kifaya cha umri ulio ghalibu, si cha siku moja. Asiyejua kazi hununuliwa kitu kimletee chumo, na mwenye kazi hupewa ala ya kazi yake. Mshoni hupewa cherehani. Mwenye kujua biashara hupewa rasilmali ya biashara yake kwa kadiri yake, na wanachuoni wakatoa mifano, kutoka muuza mboga wa dirhamu 5 hatta muuza johari wa dirhamu 10,000. Mama wa Msalato ajuaye kuuza nafaka mnadani akipewa mtaji kamili mwaka huu, huenda mwakani asiwemo tena katika wapokeao. Akipewa noti moja, atakuwamo mwakani na mwaka wa pili. Zaid achague ni lipi lililo jema kwake kulikuta katika mizani.

Vijana nao wana hukumu yao. Kijana mwenye nguvu na kazi ya halali imtoshayo hapewi. Lakini asiyepata wa kumwajiri, au asiyepata illa kazi ya haramu, nguvu zake hazimtoi katika ufakiri. Na mwanafunzi wa elimu ya sheria ambaye kuchuma kutamkatia masomo hupewa, hatta akiwa ana mikono miwili mizima.

Vijana hao wamezungukwa na wakopeshaji wa riba, ambao mikopo yao watu wameipa jina la haki: kausha damu. Dhidi ya haya iko njia ya halali. Tangu mwaka 2018 sheria ya nchi imezilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya kuonekana fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine havikuwako illa kwa majina, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Mkopo usio na riba kwa asili ni jambo jema katika sheria, na kijana wa Kiislamu asiukimbie akaenda kuliwa na riba. Lakini akiutwaa ajue kuwa ni deni shingoni mwake. Kauli ya kuwa mali ya serikali haina mwenyewe ni kauli ya uongo: wenyewe ni watu wote wa jiji, na kuwaomba msamaha mmoja mmoja hawezi. Na aliyekopa kwa jambo la halali, akashindwa kulipa pasipo israfu, huyo ni katika magharimu, sanfu mojawapo ya zile nane, naye huweza kulipiwa kwa zaka.

Yabaki namna ya kutenda. Zaid halazimiki kupanda gari kwenda Msalato. Yamtosha kumwakilisha mtu mwaminifu aliyeko huko, naye Zaid anuie wakati wa kumkabidhi au kumwamuru. Mali ya biashara hukadiriwa thamani siku ya mwisho wa mwaka kwa bei ya mahali ilipo, na zaka yake hutolewa fedha, si magunia. Asili ya madhehebu ni kuzipa sanfu zote zilizopo, na katika kulla sanfu wasipungue watu watatu. Mzabibu wa Makutupora na mifugo ya kufugwa ina milango yake, na hapa si mahali pake. Kuiondoa mali katika milki kabla ya mwaka kutimia kwa ajili ya kuikimbia zaka ni makuruhu, na Imamu Ghazali ameikaza hukumu yake hatta akasema kuwa dhima haitakasiki kwa ndani.

Na wakili hana ruhusa ya kujitwalia nafsi yake, hatta akiwa fakiri, ila Zaid amtajie fungu lake. Na akichelewa kugawa, au mali ikimpotea mkononi, Zaid hajatoka katika deni. Mkono wa wakili ni mkono wake, na zaka haijafika mpaka imemfika mwenyewe.