GIA IKIKATAA KUINGIA, USIKIMBILIE KUTEREMSHA GIA BOKSI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mpenzi msomaji, hata gari lina mawingu yake. Bila shaka umewahi kupanda matatu ambayo dereva akitaka kubadilisha gia ni lazima apigane na mkono wa gia kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu. Gia inalia kraaa! Abiria wanatazamana, makanga anasema, "Ni kawaida yake." La hasha! Si kawaida. Gari linazungumza, ila hakuna anayelisikiliza.

Ni kweli kwamba siku hizi magari mengi madogo yanayoletwa nchini kutoka Japani hujibadilishia gia yenyewe. Hata hivyo, malori, trakta, pikapu na matatu nyingi bado ni za gia za mkono. Wengi wetu tuna baba, mjomba au jirani ambaye ugali wake unatoka kwenye gari la namna hiyo. Likilala gereji siku tatu, hiyo ni karo imelala.

Jambo ninalotaka tushikilie katika somo hili ni moja: ugumu wa gia mara nyingi huonekana mkononi, lakini chanzo chake kiko mguuni. Hebu tuanze.

1. KLACHI HUFANYA KAZI GANI?

Injini ikiwaka huzunguka wakati wote, hata gari likiwa limesimama kwenye stejini. Magurudumu hayawezi kuzunguka wakati wote. Kwa hivyo lazima pawe na kitu katikati cha kuunganisha na kutenganisha. Kitu hicho ndicho klachi.

Mwishoni mwa injini kuna gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Linalofuata ni sahani ya klachi, yaani klachi pleti, iliyobandikwa ngozi ngumu pande zote mbili inayofanana na ile ya breki. Nyuma yake kuna presha pleti yenye springi kali, ambayo huibana sahani hiyo kwenye flaiwili. Unakumbuka somo la msuguano katika Fizikia ya Kidato cha Kwanza? Basi ni msuguano huo unaobeba nguvu zote za injini hadi kwenye gia boksi.

Dereva akikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma springi, presha pleti hurudi nyuma, na sahani hubaki huru. Hapo injini na gia boksi zimeachana. Akiachia, zinashikana tena.

Nguvu ya mguu hufika kwenye klachi kwa njia mbili. Magari mengine, kama ile Volkswagen ya kobe, hutumia waya. Mengine hutumia mafuta ya breki yanayosukumwa kutoka silinda ya juu karibu na pedali (masta silinda) hadi silinda ya chini karibu na gia boksi (slevu silinda). Hii ni kanuni ya Pascal: ukiyabana maji au mafuta ndani ya mfereji, mgandamizo hufika kila upande. Lakini hewa ikiingia mambo huharibika, kwa sababu hewa hubanika kama sifongo.

Ndani ya gia boksi nako kuna pete za shaba ziitwazo sinkronaiza. Kabla ya gia mbili kushikana, pete hufanya kazi ya breki ndogo ili zote mbili zizunguke kwa mwendo mmoja. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye mtambo huu mnamo 1928. Kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia.

Sasa fikiria: klachi isipoachana sawasawa, injini itaendelea kuzungusha gia boksi. Kile kipete cha shaba kitawezaje kushindana na injini nzima? Hakiwezi. Ndiyo maana gia inakataa, na anayelaumiwa ni gia boksi ilhali mwenye makosa ni klachi.

2. MASWALI MATATU KABLA YA SPANA

Kuuliza si ujinga. Kabla fundi hajalala chini ya gari, mwenye gari na ajibu maswali haya.

SWALI LA KWANZA: Injini ikiwa imezimwa, gia zinaingiaje?
Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, zima injini, kanyaga klachi na uingize gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini gari likiwa fri na urudie. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zikakataa ikiwa inanguruma, tatizo liko upande wa klachi: haiachani. Zikiwa ngumu nyakati zote mbili, tazama mkono wa gia na viungo vyake, oili, au gia boksi yenyewe.

SWALI LA PILI: Ni gia zote au ni moja?
Zikiwa ngumu zote, pamoja na rivasi, klachi inashukiwa. Ikiwa ni moja tu, tuseme namba mbili inayolia kila ukiiingiza, yaelekea pete yake ya shaba imelika. Hapo gia boksi itafunguliwa, hakuna njia ya mkato.

SWALI LA TATU: Ukipampu pedali, mambo hubadilika?
Kanyaga klachi mara tatu upesi upesi, kisha ujaribu gia. Ikiingia kwa urahisi, basi katika gari linalotumia mafuta kuna hewa ndani, au mpira wa silinda umechoka, au mafuta yanavuja. Kazi hii haihitaji kuteremsha gia boksi hata kidogo!

Jirani yetu mmoja anayebeba mboga kwa pikapu aliambiwa na fundi wa kwanza kuwa gia boksi imekufa na itafutwe nyingine. Alikuwa karibu kuuza ng'ombe. Fundi wa pili, mzee mmoja, hakugusa spana. Alipampu pedali, akaingiza rivasi, ikaingia kimya. Akainama akatazama silinda ya chini: imelowa mafuta. Ilibadilishwa mipira, hewa ikatolewa, na saa kumi jioni pikapu ilikuwa barabarani. Ng'ombe yule angali anakamuliwa hadi leo.

3. KLACHI ISIYOACHANA: TENGENEZA KWA MPANGILIO

Anza na kilicho rahisi na cha bei nafuu.

(a) Tazama chini ya pedali. Zulia lililokunjika, au chupa ya soda iliyojiviringisha hapo, huzuia pedali kufika mwisho. Usicheke; ni jambo la kwanza la kuangalia.

(b) Tazama kopo la mafuta ya klachi. Kiwango kikiwa chini, mafuta yamekwenda mahali fulani, tafuta panapovuja. Katika magari mengine klachi na breki hunywa kopo moja. Hapo usifanye mchezo, kwani uvujaji wa klachi unayagusa mafuta ya breki pia. Tia mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama vile DOT 3 au DOT 4. Usitie maji, maji ya sabuni wala oili ya injini. Oili hufurisha mipira ya silinda na kuiharibu.

(c) Toa hewa. Mmoja huketi kwenye usukani na mwingine huwa chini penye nipli ya silinda. Wa chini akisema "Kanyaga!" pedali inakanyagwa na kushikiliwa. Nipli inafunguliwa kidogo, mafuta na mapovu yanatoka, inafungwa. Kisha "Achia!" Inarudiwa hivyo hadi mapovu yaishe, huku kopo likiongezwa mafuta lisikauke. Mafuta haya huchoma macho na kubambua rangi ya gari, kwa hivyo futa upesi yanapomwagika.

(d) Kama ni waya, tazama kama umelegea au nyuzi zimeanza kukatika. Pedali inatakiwa iwe na mchezo kidogo kabla ya kuanza kuwa nzito. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Mchezo ukizidi, klachi haiachani. Ukikosekana kabisa, klachi haishiki barabara.

(e) Gari lililolala miezi mingi kwenye mvua huweza kushikana kutu kati ya sahani na flaiwili. Hapo hata pedali ikiwa nzuri, sahani haibanduki.

(f) Haya yote yakikosa kufaulu, ndipo sasa gia boksi iteremshwe, fundi atazame presha pleti, sahani na beringi.

Jihadhari: asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu yawekewe mawe.

4. KAMA SI KLACHI

Gia zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, fuata mkono wa gia hadi mwisho wake. Magari mengine huunganisha kwa vyuma, mengine kwa waya ndefu. Bushi zikilika, mkono hulegea kama jino bovu na dereva haijui namba moja iko wapi wala namba tatu iko wapi. Bushi ni kitu kidogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha oili ya gia boksi. Ikipungua, vyuma vinasagana. Ikiwa nzito mno, gia huwa ngumu asubuhi yenye baridi, kama zile za Julai kule Limuru, na kulainika gari likipata joto. Usichukue oili yoyote iliyo rafuni. Oili nyingine zenye alama GL-5 ziliundwa kwa difu, na gia boksi nyingi zenye pete za shaba zinataka GL-4. Soma kitabu cha gari kwanza.

5. KLACHI INAYOTELEZA

Huu ni ugonjwa wa kinyume. Gia zinaingia vizuri, lakini klachi haishiki. Dereva anaongeza mafuta kupanda mlima, injini inapiga kelele, gari linatambaa tu. Baadaye kunanuka kitu kinachoungua.

Njia ya kupima ni hii: gari liwe tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta hendibreki kabisa, ingiza gia namba tatu, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Pima mara moja tu, kwa sababu kila ukirudia unaiunguza zaidi.

Sababu zake ni sahani kulika, springi kuchoka, waya kukazwa kupita kiasi, au oili kuvuja hadi kwenye sahani. Ikiwa ni oili, usibadilishe sahani peke yake. Badilisha sili inayovuja, la sivyo utarudi gereji kabla ya mwezi kuisha.

6. SIKILIZA SAUTI

Kelele ikianza ukikanyaga klachi, beringi ya klachi inashukiwa. Kelele ikiwepo gari likiwa fri na mguu haupo kwenye pedali, kisha ikatoweka ukikanyaga, beringi ya mbele ndani ya gia boksi inashukiwa.

7. KWA NINI TUJALI?

Si pesa tu, ni uhai pia. Dereva mwenye gia ngumu huogopa kubadilisha gia. Akianza kuteremka mlima na kukosa gia ya chini, gari hubaki fri. Injini haimsaidii tena kupunguza mwendo. Breki peke yake zinabeba mzigo wote, zinapata moto na kupoteza nguvu. Wanaosafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret wanaujua mteremko wa Salgaa. Pale si mahali pa kusema "ni kawaida yake."

Madereva nao waache tabia tatu: kupumzisha mguu juu ya pedali ya klachi wakiendesha, kuzuia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki, na kuegemeza mkono juu ya gia safari nzima. Kabla ya kuingiza rivasi, gari lisimame kabisa, klachi ikanyagwe, kisha dereva ahesabu hadi tatu, kwa kuwa katika magari mengi rivasi haina pete ya kusawazisha mwendo.

Kwa ufupi, gia ikikataa: zima injini, jaribu tena, pampu, tazama kopo. Dakika tano hizo zinaweza kuokoa mshahara wa mwezi mzima. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Matatu ya Bwana A inaingia gia zote vizuri ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, zinakataa zote. Utaanza kutazama wapi, na kwa nini?
2. Lori la Bi. B linalia namba mbili pekee. Je, kutoa hewa kwenye klachi kutasaidia? Eleza.
3. Eleza kwa nini hewa kidogo tu ndani ya mfereji wa mafuta huifanya pedali kuwa laini kama sifongo.
4. Toa neno lako la Kiswahili badala ya "flaiwili". Litakalopendwa zaidi litabandikwa kwenye ubao wa Chama.