Nyuki na Mzio wa Hatari

Hapa Shelui, kama Singida nzima, asali ni neema na biashara, na Sura An-Nahl imetufundisha kuwa ina tiba. Lakini mwenye mzio, au aleji, anaweza kufa kwa nyuki mmoja tu, tena ndani ya nusu saa.

Kuvimba pale alipoumwa ni kawaida. Hatari ni vipele kutoka mwili mzima, ulimi kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana, kutapika au kuzirai. Hapo usihangaike na maziwa. Piriton nayo hutuliza muwasho, haifungui koo. Dawa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, nayo hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu.

Mtoe mwiba haraka, mlaze chali, miguu juu. Akihema kwa shida aketi, ila asitembee, hata akisema amepona. Wengi niwaonao wamecheleweshwa nyumbani, si njiani. Dua isomwe garini. Na aliyefunga asikatae sindano, mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku yake.

Aliyewahi kupatwa hivi, iwe kwa nyuki, karanga au penisilini, aandikiwe kwenye daftari lake la matibabu. Asiende kurina asali. Nyumbani iwepo namba ya dereva, na muulizeni mapema mganga wa zahanati yenu kama adrenalini ipo. Akishachomwa sindano asikimbilie kurudi nyumbani. Abaki akiangaliwa kwa saa kadhaa, maana hali hiyo huweza kurudi.