Neno Kwanza, Kidole Baadaye: Somo la Msamiati wa Simu kwa Watoto



Katika kaya nyingi nchini Tanzania, simu ya mzazi ni daftari, maktaba na pochi ya familia kwa wakati mmoja. Mtoto huiazima ili atafute jibu la zoezi la shule, na katika simu hiyohiyo zimo fedha za matumizi ya nyumbani, picha za familia na namba za ndugu na jamaa. Mara nyingi kinachomtenganisha mtoto na mali hiyo ni neno moja lililoandikwa juu ya kitufe. Asipolielewa, hubonyeza tu ili aendelee na shughuli yake.

Kwa sababu hiyo tunawahimiza wazazi, walezi na walimu wawafundishe watoto maneno ya simu kabla ya kuwakabidhi simu. Somo hili linawafaa watoto kuanzia darasa la tatu. Andaa daftari, na kamusi ya Kiswahili ikiwa ipo.

MANENO MATANO YA KUANZIA

Bure. Neno hili lina maana mbili: bila malipo, na pasipo faida, kama tusemapo "nimehangaika bure". Mtoto atunge sentensi kwa kila maana. Kisha mweleze kwamba kupakua mchezo wa bure hutumia kifurushi cha intaneti, na kwamba baadhi ya michezo hiyo huuza vitu ndani yake. Kilicho bure mlangoni chaweza kuwa na bei chumbani.

Jiunge. Zipo huduma ambazo mtu akijiunga, salio lake hukatwa kila siku au kila wiki mpaka atakapojiondoa. Mtoto anayejifunza neno "jiunge" ajifunze papo hapo kinyume chake, "jiondoe", na azoee kuuliza: nitatozwa kiasi gani, mara ngapi, na nitajiondoaje?

Ruhusu. Nomino yake ni ruhusa, na mtoto anaijua tangu nyumbani, kwa kuwa huiomba kabla ya kwenda kucheza. Kwenye simu, programu ndiyo inayoomba ruhusa: ione picha, isome namba za simu zilizohifadhiwa, au ijue mahali mlipo. Mtoto aulize programu inaitaka ruhusa hiyo kwa kazi gani. Programu ya ramani ina sababu ya kujua mahali mlipo. Programu ya tochi haina sababu ya kusoma namba za jamaa zenu. Swali hilo lina nguvu ya kisheria pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze madhumuni yake.

Kiungo. Mtoto anakijua kiungo cha mwili, na anavijua viungo vya pilau. Mtandaoni, kiungo ni maandishi au alama ambayo ukiibonyeza hukupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kiungo kilichotumwa na mtu msiyemjua, hasa chenye ahadi ya zawadi, kisifunguliwe.

Siri. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa benki au wa kampuni ya simu. Hapa mzazi naye ajitazame. Anayemtuma mtoto kutoa fedha kwa wakala na kumtajia namba yake ya siri amekwisha kuivunja maana ya neno analomfundisha.

HATUA ZA KUFUNDISHA NENO JIPYA

1. Mtoto asome ujumbe wote kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho.
2. Akisie maana ya neno kwa kutazama maneno yanayolizunguka.
3. Atafute neno analolijua ndani yake. Katika "thibitisha" limo "thabiti": kuthibitisha ni kulifanya jambo liwe thabiti. Ndiyo maana mtu akithibitisha malipo, kuyarudisha huwa kazi ngumu.
4. Alinganishe alichokisia na maelezo ya kamusi au ya mtu mzima.
5. Atunge sentensi yake mwenyewe. Asipoweza, bado hajalielewa neno, na asibonyeze kitufe.

ZOEZI

Mpe mtoto ujumbe huu: "Hongera! Umeshinda zawadi. Thibitisha kwa kutuma ada ya usajili kwenye namba hii kabla ya saa 12 jioni leo."

(a) Ni maneno gani yanayomharakisha msomaji?
(b) Zawadi ni nini? Ada ni nini?
(c) Je, zawadi hulipiwa ada?

Mtoto akieleza kwamba zawadi hutolewa bila kudai malipo, atakuwa ameutambua utapeli kwa njia ya msamiati peke yake.

MTOTO AKIKOSEA

Tunawasihi wazazi wasitangulize fimbo. Mtoto anayeogopa adhabu huficha kosa, na saa zinazopotea ndizo ambazo fedha zingeweza kuzuiwa. Piga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya kampuni yako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040, kisha fuata maelekezo. Ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Ikiwa kampuni haitashughulikia lalamiko lako, lipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ukiwa na kumbukumbu za tarehe, saa na kiasi kilichokatwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Anza leo kwa neno moja. Kesho, kabla mtoto hajaiazima simu, mwombe akueleze maana yake.