Umekosa Tenda ya Vitambulisho? Hesabu Siku Kwanza

Tenda za utambulisho huzua ugomvi mkali kuliko tenda za madawati, na sababu inaeleweka. Anayeshinda hauzi bidhaa akaenda zake. Huachiwa alama za vidole, sura na majina ya mamilioni ya watu, na mfumo wake ukishafungwa serikali hujikuta ikimrudia yeye kila leseni inapoisha au mtambo unapoharibika. Walioshindwa wanajua nafasi nyingine haiji kesho. Ndiyo maana hawanyamazi.

Wakenya tuna sababu ya kuwavumilia wanaolalamika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilitaka mtambo mpya wa kutoa pasipoti. Kampuni ya Ufaransa ilitaja bei ya takriban yuro milioni 6. Kandarasi ikaishia mikononi mwa kampuni ya Anglo Leasing kwa takriban yuro milioni 30, huku kazi yenyewe ikitarajiwa kufanywa na Wafaransa wale wale. Kashfa ililipuka 2004, na John Githongo, Katibu wa Kudumu aliyeshughulikia maadili na utawala bora, akaondoka nchini mwaka uliofuata.

Leo mzabuni aliyeshindwa ana mlango wa kubisha, nao ni bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, maarufu kama PPARB. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015. Shida ni kwamba mlango huo hufungwa upesi.

Taasisi inayonunua inatakiwa iwaarifu mshindi na walioshindwa kwa wakati mmoja, na walioshindwa waelezwe sababu. Ukipata barua inayosema tu kwamba “hukufaulu”, taasisi imeshavunja sheria na hiyo peke yake ni hoja. Andika mara moja uombe sababu na muhtasari wa tathmini, lakini usikae ukingoja majibu. Una siku 14 kuwasilisha ombi lako kwa bodi. Siku ya kupata barua haihesabiwi. Jumapili zilizo katikati zinahesabiwa. Katika siku hizo 14 taasisi hairuhusiwi kutia saini mkataba na mshindi, na ombi lako likishapokewa, shughuli nzima ya ununuzi husimama. Ukichelewa, mkataba ukatiwa saini kihalali, bodi haina la kukufanyia.

Sasa sehemu inayowaponza wengi. Siku 14 hazihesabiwi kutoka barua ya matokeo peke yake. Sheria inataja pia siku ambayo kosa lilitendeka, na katika tenda za utambulisho kosa mara nyingi limo ndani ya stakabadhi za zabuni tangu siku ya kwanza. Tuseme masharti yanadai teknolojia ya kampuni fulani kwa jina, bila kuongeza maneno “au inayolingana nayo”. Au yanadai mzabuni awe ameshasajili idadi ya watu ambayo ni kampuni mbili tatu tu duniani zilizoifikia. Au mfumo mpya lazima usome hifadhidata ya zamani, ilhali mwenye ufunguo wake ni mkandarasi wa zamani, ambaye naye anawania. Mambo hayo yalalamikie ukishayasoma. Ukiwasilisha zabuni yako, ukashindwa, kisha ukageuka kusema masharti yalikuwa na upendeleo, utaambiwa umechelewa, na kwa maoni yangu utaambiwa kwa haki.

Ombi lenyewe lisiwe la hasira. Bodi haiulizi ni mtambo wa nani unaotambua alama za vidole vizuri zaidi. Inauliza kama taasisi ilitumia vigezo ilivyovitangaza, na ilivitumia kwa wote. Taja kigezo, taja ukurasa wa zabuni yako unaokitimiza, taja kifungu kilichovunjwa. Kisha eleza hasara uliyopata au unayoweza kuipata. Wanasheria wazembe huliruka hili la hasara, ilhali Mahakama ya Rufaa imeshasema kwamba asiyedai hasara hana haki ya kusikilizwa na bodi. Kuna pia mambo ambayo hayaendi kwa bodi kabisa, mojawapo likiwa njia ya ununuzi iliyochaguliwa. Kama taasisi imemwendea mtu mmoja bila kushindanisha, manung’uniko yako yapeleke kwingine.

Bodi hutoa uamuzi ndani ya siku 21. Inaweza kufuta alichofanya afisa mhasibu wa taasisi, kuamuru tathmini irudiwe, au kusitisha ununuzi wote. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14, nayo mahakama hiyo ina siku 45. Kisha Mahakama ya Rufaa ndani ya siku 7, nayo ina 45. Muda huo haurefushwi, hata kwa majaji. Wakipitisha siku, uamuzi wa bodi ndio unaobaki.

Kwa wasomaji wa Tanzania, hatua ya kwanza ni tofauti. Lalamiko huanzia kwa afisa masuuli wa taasisi yenyewe, ndipo liende Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Na kushinda tenda si kumaliza. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Kesi hiyo haikuletwa na mzabuni yeyote. Raia wa kawaida, ambaye hana nafasi mbele ya bodi ya ununuzi, anayo mbele ya mahakama pale data yake inapoguswa.

Maamuzi ya PPARB huchapishwa na kusomwa bure mtandaoni. Kama unapanga kuwania tenda ya aina hii, soma machache yanayohusu vifaa vya teknolojia kabla hujajaza fomu ya kwanza, uone ni hoja zipi hupita na zipi hutupwa.