Kabla ya Kumlisha Majeruhi Mwenye Mpira Shingoni

Bodaboda na malori yanayopita leo ilikopita zamani misafara ya kwenda Ujiji huacha majeruhi wa kichwa, taya na shingo. Baadhi yao hutobolewa shingoni na kuwekewa mpira wa kupumulia. Mgonjwa akishapata fahamu, ndugu huuliza atakula nini, na katika nyumba nyingi za Tabora jibu liko tayari: maji ya asali, au uji mwepesi kijiko kimoja kimoja. Jibu hilo linatoka kwenye huruma, lakini ni la hatari. Mgonjwa huyu asipewe chochote kwa mdomo, hata maji, mpaka wahudumu wa wodini wapime kama anameza salama.

Sababu iko kooni. Weka kidole kwenye kikoromeo chako, kisha umeze mate. Utakihisi kikipanda na kushuka. Kupanda huko husaidia kufunga mlango wa njia ya hewa, iliyo mbele, ili tonge lipite nyuma kwenye umio. Mpira uliofungwa kwa utepe shingoni waweza kukwamisha mwendo huo. Isitoshe, hewa sasa inaingilia na kutokea shingoni, haipiti tena kooni. Hivyo koo hupungukiwa hisia, na kikohozi hukosa nguvu ya kurudisha kilichopotea njia. Ongeza hapo jeraha la ubongo, au siku nyingi za mpira wa mashine mdomoni kabla ya upasuaji, ndipo utaona kwa nini kumeza, jambo tusiloliwazia kabisa, kunakuwa kazi ngumu.

Wapo watakaosema, “Mbona tulimpa na hakukohoa?” Hapo ndipo hatari inapojificha. Koo lililopoteza hisia hupaliwa kimyakimya: uji unateremka mapafuni bila mgonjwa kushtuka, na baadaye huja homa, pumzi za haraka na makohozi mengi, yaani nimonia. Wengine hutegemea kiputo cha hewa kinachozunguka mpira ndani. Kiputo hicho hakizibi kabisa. Majimaji hupenya pembeni yake, na kikijazwa kupita kiasi hubana umio. Wala wepesi wa uji si usalama, kwa kuwa kitu chepesi hukimbia kuliko koo dhaifu linavyowahi kujifunga. Kizito nacho huweza kubaki kooni, kwa hiyo uzito unaomfaa mgonjwa huamuliwa na aliyempima.

Hoja nzito zaidi ni ya njaa, na ina haki yake, maana jeraha haliponi bila chakula. Ila kuzuia mdomo si kumnyima mtu chakula. Mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni hupeleka lishe na dawa, na wakati wa kulishwa hivyo kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Ndugu anayetaka kufanya kitu kwa mikono yake amsafishe mgonjwa kinywa kila siku, kwa jinsi muuguzi atakavyomwelekeza. Mate machafu yakishuka mapafuni hudhuru kuliko mate safi. Kazi hiyo ni tiba hasa.

Wataalamu wa kumeza ni wachache nchini, lakini daktari na muuguzi wanaweza kuanza kwa kuangalia kama mgonjwa yuko macho, anakohoa kwa nguvu na anameza mate yake. Pengine humpa maji yenye rangi, kisha wakafyonza mpira wa shingoni. Rangi ikitokea, maji yamepotea njia. Isipotokea, bado si uthibitisho kamili, na upimaji huendelea. Wengi hurudia kula kadiri wanavyopona. Ruhusa ikitoka, mgonjwa aketi wima, apewe kijiko kidogo, asiongeleshwe akiwa na chakula mdomoni, na amalize kumeza kabla ya kijiko kingine. Akikohoa, akihema kwa shida, au uji ukionekana kwenye mpira wa shingoni, acheni kumlisha na mwiteni muuguzi. Kama yuko nyumbani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na akihema kwa shida msisubiri hata kidogo.