Uadilifu Katika Kuyapima Maoni ya Wanunuzi Mtandaoni

 

Ndugu zetu wanafunzi, pamoja nanyi wazazi mnaosomewa jarida hili na watoto wenu, somo letu la mwaka huu linahusu jambo dogo linalofanywa kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu. Mtu akinunua kitu mtandaoni huandika maoni yake: kizuri, kibaya, kimechelewa, kimevunjika. Chini ya maoni hayo mara nyingi huwa pameandikwa swali jingine, na hilo linamhusu msomaji: je, maoni haya yamekusaidia? Swali hilo limo katika maduka makubwa ya mtandaoni ya nchi za nje, na limo katika Google Play ambako wengi wenu mmepakua programu za nyakati za Swala na za kusomea Qur'an. Wengi hulijibu bila kufikiri. Sisi walimu wenu tulilijibu bila kufikiri pia, kwa hiyo tutaanza na kosa letu wenyewe.

Taa ya Kinole

Madrasa yetu ina darasa la jioni upande wa Kinole, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Watoto husoma baina ya Maghrib na Isha, na kwa muda mrefu walisomea koroboi. Wazazi wakachanga fedha za migomba na pilipili manga, zikafika shilingi 85,000, wakatukabidhi sisi wa mjini tuwatafutie taa ya sola, kwa kuwa sisi ndio wenye simu nzuri na bando.

Tulikaa watu watatu, tukafungua duka moja la mtandaoni. Taa tuliyoipenda ilikuwa na maoni 11. La juu kabisa lilikuwa na alama 46 za kusema limesaidia, nalo lilisema kwamba taa ni nzuri sana, mzigo umefika haraka, muuzaji ni muungwana. Tukafurahi. La chini kabisa lilikuwa refu, limeandikwa bila nukta wala herufi kubwa, na mwandishi wake aliipa taa nyota tatu. Alisema anaishi sehemu ya milimani yenye ukungu; kwamba siku ya jua taa inawaka usiku kucha, lakini mawingu yakikaa siku mbili mfululizo inawaka saa mbili tu, kwa sababu paneli yake ni ndogo kuliko betri yake. Mmoja wetu alisema huyu ana chuki na muuzaji, akabonyeza kwamba maoni hayo hayajasaidia. Wawili tuliobaki hatukumzuia.

Taa ilinunuliwa, ikashushwa Msamvu, ikapanda Kinole kwa bodaboda. Ilikuwa mwezi Machi. Kila mtu wa Morogoro anajua kwamba upande ule wa Uluguru unatazama bahari na ndio unaopokea mvua nyingi zaidi ya upande wa Mgeta. Masika yakishika, jua linaweza lisionekane kwa siku kadhaa. Usiku wa tatu wa mvua taa ilizimika watoto wakiwa katikati ya Juzuu Amma. Wakarudi kwenye koroboi, na bibi mmoja aliyechanga shilingi 2,000 akatuuliza, kwa upole kabisa, kama hakukuwa na mtu wa kutuonya. Mtu alikuwepo, na sisi ndio tuliomzima.

Tunaulizwa nini hasa?

Habari ilipofika mjini, wanafunzi wetu wakubwa walikasirika. Wakataka waende wote wakabonyeze kwamba maoni yaliyosifu taa hayakusaidia. Tukawazuia, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Huenda aliyesifu anaishi Dodoma, kwenye jua la kutosha, na kila alichokisema ni kweli kwake. Kumwadhibu kwa sababu ya mvua ya Kinole kungekuwa dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Swali linalotuuliza kama maoni yamesaidia halituulizi kama tunaipenda bidhaa. Halituulizi kama tunakubaliana na mwandishi, wala kama anaandika Kiswahili kizuri. Linatuuliza jambo moja: je, ushahidi huu unampa mtu anayetaka kununua kitu cha kumwezesha kuamua? Basi mtu aweza kuichukia bidhaa na maoni yake yakasaidia, na mwingine aweza kuisifu na maoni yake yasimfae mtu yeyote. Yule wa nyota tatu alitaja mahali, hali ya hewa, saa na sababu. Yule wa alama 46 alitaja furaha yake tu. Hakusema uongo, ila hakutuambia taa inawaka muda gani.

Wanazuoni walitutangulia

Wanafunzi wa darasa la Mustalah mtaona kwamba jambo hili si geni. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa na elimu nzima ya kuwapima wapokezi, al-jarh wat-ta'diil, yaani kumtia mtu dosari au kumtakasa. Kubonyeza alama chini ya maoni ya mtu ni jarh au ta'diil ndogo, maana hapo hatuipimi taa. Tunampima anayetusimulia habari za taa. (Hatusemi mambo haya mawili yako sawa kwa uzito. Hadithi ni dini. Lakini kipimo kizuri hufaa hata sokoni.)

Imamu Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameeleza katika Muqaddima yake kwamba kumtakasa mpokezi hukubaliwa bila kutaja sababu, lakini kumtia dosari hakukubaliwi mpaka sababu itajwe, kwa kuwa watu hutofautiana katika kinachohesabika kuwa dosari. Na akataja kisa cha Shu'ba bin al-Hajjaj, Imamu mkubwa wa Basra, aliyeulizwa kwa nini ameiacha Hadithi ya mtu fulani. Akajibu kuwa alimwona akimkimbiza farasi wa mizigo. Sababu ilipotajwa, ikaonekana haina uzito wa kumwangusha mtu.

Sasa tazameni maoni ya nyota moja yanayosema kwamba basi lilichelewa. Huyo ndiye farasi wa Shu'ba! Kuchelewa kwa basi ni kweli na kunaudhi, lakini hakutuambii lolote kuhusu taa. Anayetaka kujua habari za usafirishaji atafaidika nayo, anayetaka kujua taa hatafaidika. Na sisi tulipombonyezea mtu wa ukungu kwamba hajasaidia, sababu yetu tungeitamka kwa sauti ingekuwa nini? Kwamba hakuweka nukta.

Lipo jambo la pili. Imamu adh-Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 Hijria sawa na 1348 Miladia, mwenye kitabu Mizan al-I'tidal, ametahadharisha kwamba maneno ya watu wa zama moja wanaosemana hayachukuliwi hivi hivi, hasa ikidhihiri kuwa yametoka katika uadui au husuda. Sokoni hilo linajulikana bila kitabu: haulizwi muuza nyanya habari za nyanya za meza ya jirani. Mtandaoni hatuoni meza, ndiyo maana twasahau.

Namna kura zinavyopotoka zenyewe

Mtu atasema: alama 46 si watu 46? Watakosea wote? Jibu ni kwamba si lazima wakosee, lakini hawakupiga kura wakiwa mbalimbali. Mwaka 2007 watafiti wa Microsoft Research Asia pamoja na wenzao walichunguza maoni ya duka la Amazon kuhusu kamera, wakakuta kasoro tatu. Watu hupenda zaidi kubonyeza kwamba maoni yamesaidia kuliko kwamba hayajasaidia. Maoni yaliyo juu husomwa zaidi, hivyo hupata kura zaidi, hivyo huendelea kukaa juu. Na maoni yaliyotangulia kuandikwa huvuna kwa muda mrefu kuliko yaliyokuja baadaye, hata kama ya baadaye ni bora.

Miaka miwili baadaye, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichunguza maoni zaidi ya milioni 4 ya vitabu. Wakaona kwamba maoni yanayokaribiana na wastani wa nyota huhesabiwa kuwa yamesaidia zaidi, na yaliyo chini kidogo ya wastani huadhibiwa kuliko yaliyo juu kidogo. Mtu angeweza kusema labda ya chini yameandikwa vibaya. Basi wakatafuta maoni yenye maneno yale yale yaliyobandikwa katika kurasa mbili tofauti, na hata hapo kura zilifuata nyota. Maneno ni yale yale, hukumu ni tofauti! Jambo hili limetutisha kuliko yote, kwani ndilo tulilomfanyia mtu wa ukungu: alitoa nyota tatu penye watu wa nyota tano.

Na mwaka 2013 katika jarida la Science, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walieleza jaribio lao. Walichukua maneno ya watu katika mtandao mmoja wa habari, wakayapa baadhi yake alama moja tu ya juu mara yalipoandikwa, bila kuyasoma. Mwishowe yale yaliyopewa alama hiyo yalikuwa na hesabu kubwa kwa asilimia 25, kwa wastani, kuliko yale yaliyoachwa. Alama moja!

Wanaopenda hisabati wajue pia kwamba asilimia peke yake hudanganya. Maoni yaliyopigiwa kura 2 na zote mbili zikasema yamesaidia yana asilimia 100. Yaliyopigiwa 100 na 90 zikakubali yana asilimia 90. Yapi yaaminike? Kanuni aliyoiandika Edwin Wilson mwaka 1927 hutafuta kiwango cha chini ambacho twaweza kukitegemea. Kwa kipimo cha uhakika wa asilimia 95, yale ya kwanza yanapata kama asilimia 34 tu, ya pili kama asilimia 83. Hoja yake ni rahisi: mashahidi wawili wanaweza kuwa ndugu.

Ndugu, marafiki na najsh

Hapo kwenye undugu pana tatizo letu la kila siku. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, na wengi wetu sasa hununua kupitia WhatsApp na Instagram, ambako mwenye ukurasa anaweza kuyafuta maneno asiyoyapenda. Mjomba anaanza kuuza mdalasini na karafuu za Matombo, anatuma ujumbe kwa ukoo mzima: ingieni mnisifu, na wakisema vibaya muwabonyezee chini. Mtoto anamtii mjomba, ndiyo adabu. Afanyeje?

Mtume (s.a.w.) alikataza najsh, nayo ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili mwingine aingie mtegoni, Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Kusifu usichokionja ni katika jamii hiyo hiyo, na kumzamisha anayesema kweli ili mjomba auze hatuoni kuwa ni jambo jepesi zaidi. Wanazuoni wengi hawakubali ushahidi wa mzazi kwa mwanawe wala wa mwana kwa mzazi wake, hata wakiwa waadilifu, na aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mtoto asipige kura kabisa katika mali ya mjomba. Akitaka kumsaidia, amsomee mjomba malalamiko ya wateja, tena kwa sauti ya adabu, mdalasini wenye unyevu ukaanikwe upya. Wazazi, tunawaomba msiwatie watoto katika mtihani huo.

Na kwa anayemchukia muuzaji, aya ya 8 ya Suratul-Maida inatosha: chuki juu ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Tulichokifanya

Tulirudi kwenye duka lile, tukaibadilisha kura yetu kwa yule mtu wa ukungu. Kisha tukaandika maoni yetu: taa iko Kinole, masika, siku tatu bila jua, iliwaka saa moja na nusu usiku wa tatu, kiangazi haijawahi kuzimika. Tukaipa nyota tatu. Mpaka tunaandika somo hili maoni yetu yamepata alama tatu, na yamekaa karibu na mwisho. Wazazi wa Kinole wamechanga tena, safari hii kwa ajili ya paneli kubwa zaidi, nao wametaka wasomewe maoni yote, kuanzia la chini.

Zoezi

Mkulima wa Nyandira, Mgeta, anataka bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa kabichi zake. Maoni haya tumeyatunga sisi kwa mazoezi.

La kwanza, nyota tano: "Bomba bora kuliko yote, Mungu awabariki." Kura 31 kati ya 33 zimesema limesaidia.

La pili, nyota mbili: "nimelitumia miezi minne kila wiki raba ya ndani ikaanza kuvuja mgongoni nimebadilisha sasa linafanya kazi lakini mkanda unaumiza bega likijaa." Kura 2 kati ya 5.

La tatu, nyota moja: "Kondakta amelirusha, boksi limechanika. Sinunui tena."

Andika chini ya kila moja ungebonyeza nini na sababu yake, kwa maneno ambayo usingeona haya kuyasema mbele ya aliyeandika maoni hayo. Kisha fikiri kwamba muuzaji wa bomba hilo ni baba yako, na ujibu tena. Majibu yaletwe darasani Jumamosi ya kwanza baada ya likizo.